Kampene kwenye Google: nani anajibu mtu akiuliza juu yetu?

Fungua Google kwenye telefone yako, andika neno moja tu: Kampene. Mara nyingi kinachotoka ni zahabu, kasiterite, wachimbaji, na ripoti ndefu za Kifaransa na Kiingereza. Mengi yameandikwa na watu walioko Kinshasa ao Ulaya. Shule zetu, koperative zetu, maduka, vituo vya afya na nyumba za wageni hazionekani, ama ziko chini kabisa, pale ambapo hakuna mtu anafika.

Hili si jambo la vijana wa kompyuta peke yao. Kindu, na hata hapa Kampene, kuna watu wameanza kulipa fundi awatengenezee tovuti. Mwenye kulipa anapewa adresi, anaifungua, anafurahi, anaonyesha jamaa zake. Miezi sita inapita, hakuna mteja hata mmoja aliyempata kupitia pale. Ndipo anakuja mtu mwingine na maneno matamu: nipe makuta, nitakuweka wa kwanza kwenye Google.

Makala hii inaeleza kwa nini ahadi hiyo ni ya uongo, nini kweli kinafanya tovuti ionekane, na kwa nini kwa jimbo kama Maniema jambo hili linagusa mfuko wa watu wengi kuliko wenye tovuti.

Tulishaona bei ya kuelezwa na wengine

Wakaaji wa Pangi hawajasahau Septemba 2010. Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji na biashara ya madini katika majimbo matatu: Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema. Sababu iliyotolewa ni makundi yenye silaha kujilisha kwa madini. Maniema ikatiwa katika kapu moja na Kivu zote mbili. Kazi ilisimama mpaka Machi 2011, na familia zilizoishi kwa kasiterite na zahabu ndizo zilizolipa.

Mwaka huohuo, Julai 2010, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinadai makampuni yaeleze kama bati, tantali, tungsteni na zahabu wanayotumia yanatoka Kongo ao nchi jirani. Baadaye vibandiko vya iTSCi vikafika Maniema ili kufuatilia mifuko ya madini. Tangu wakati huo mnunuzi wa mbali hanunui kwa macho tu. Anaomba karatasi, anauliza, anatafuta majina ya mahali na ya koperative.

Na mtu aliye London ao Dubai anaanza kutafuta wapi? Kwenye Google, kama wewe na mimi. Tovuti moja ya koperative isingezuia marufuku ya 2010, tuseme ukweli. Lakini pale ambapo wenyeji hawakuandika kitu, ripoti ya mgeni aliyepita siku tatu inabaki kuwa ushahidi pekee, hata miaka kumi baadaye.

Kuna jambo la karibu zaidi. M23 iliingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025. Banki zikafungwa kule, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na Maniema, iliyozoea kupokea bidhaa kutoka pande hizo, ikabidi kutafuta njia nyingine. Tangu hapo watu wanauliza maswali mengi kwa telefone: mzigo unapita wapi, nauli ni ngapi, kivuko kati ya Kindu na Alunguli kinafanya kazi leo? Majibu mengi yanazunguka kwenye WhatsApp. Google haioni WhatsApp, wala haioni makundi yaliyofungwa ya Facebook. Kwa hiyo jibu zuri linapotea kesho yake, na uvumi unabaki.

Tena siku hizi, katika nchi nyingi, Google inaweka juu kabisa jibu lililotungwa na akili bandia. Jibu hilo linachotwa ndani ya kurasa zilizopo. Kama kurasa za Kampene ni za shimo la madini peke yake, akili bandia nayo itamwambia mtoto wako anayesoma Lubumbashi kwamba Kampene ni shimo la madini peke yake.

Google inafanya kazi namna gani

Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google mwaka 1998. Kazi yake, hata leo, ina hatua tatu. Ya kwanza, programu zake zinatembea usiku na mchana kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikifuata viungo, yaani yale maneno ambayo ukiyagusa yanakupeleka ukurasa mwingine. Ya pili, kila ukurasa unaosomwa unaandikwa ndani ya daftari kubwa. Ya tatu, mtu akiuliza, Google inafungua daftari lake na kupanga kurasa kwa mstari, ile inayoonekana kujibu vizuri zaidi mbele.

Angalia vizuri: ukiuliza kitu, Google haizunguki dunia nzima saa ile. Inatafuta ndani ya daftari lake. Tovuti ambayo haijaandikwa mle haiwezi kutoka, hata kama ni nzuri namna gani. Kazi ya kusaidia tovuti iandikwe na ipangwe vizuri ndiyo watu wa kompyuta wanaiita SEO. Hakuna uchawi ndani yake.

Kwanza angalia kama mlango uko wazi

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanya jaribio hili. Kwenye Google andika site, kisha nukta mbili, kisha adresi ya tovuti yako, bila kuacha nafasi katikati. Kama kurasa zako zinatoka, umo ndani ya daftari. Kama hakuna kitu, kuna tatizo la mlango.

Tatizo linalorudi mara nyingi ni dogo la kuchekesha. Tovuti nyingi za kwetu zimetengenezwa kwa WordPress. Ndani ya mipangilio yake, sehemu inayoitwa Lecture kwa Kifaransa, kuna kisanduku cha kuambia Google na wenzake wasiandike tovuti hii. Fundi anakitia alama wakati kazi haijamalizika, ili watu wasione nyumba isiyo na bati. Kisha anasahau kuiondoa. Mwenye tovuti anakaa mwaka mzima ndani ya nyumba nzuri, mlango umefungwa kwa nje.

Jambo la pili ni kujiandikisha kwenye Google Search Console. Ni bure, inapatikana kwa Kifaransa, na inafunguka hata kwenye telefone. Pale unaweza kuijulisha Google orodha ya kurasa zako. Pale pia utaona maneno ambayo watu waliandika mpaka wakakuona, na kurasa zenye kasoro. Fundi anayekataa kukufungulia chombo hiki, muulize sababu.

Baada ya hapo, subira. Ukurasa mpya unaweza kuandikwa baada ya siku chache ao wiki kadhaa, na mabadiliko mengine yanachukua miezi kabla ya kuonekana.

Jina la ukurasa ni kibao cha duka

Kila ukurasa una jina, yaani ule mstari unaoonekana kwanza kwenye orodha ya Google, wenye maandishi makubwa. Tovuti nyingi zinaandika pale "Karibu" ao "Ukurasa wa kwanza". Ni kama kutundika kibao cha duka kilichoandikwa "Duka". Nani atajua unauza nini?

Jina zuri linasema kitu, mahali, na nani. "Karibu kwenye tovuti yetu" halisemi kitu. "Nyumba ya wageni Kampene, Pangi: vyumba na bei" linasema yote. Jaribu kubaki ndani ya herufi 60 hivi, kwa sababu likizidi Google inalikata. Na kila ukurasa uwe na jina lake. Ukiwa na kurasa kumi zenye jina moja, ni kama watoto kumi wa nyumba moja wanaoitika wote jina Juma.

Jina la mahali lina uzito wa pekee kwetu, maana majina yetu yanagongana na mengine duniani. Kampene inafanana na Kampen, mji wa Uholanzi. Pangi ni pia bonde la kule India. Na Kasongo? Mwishoni mwa 2024 Wakenya walianza kumwita rais wao William Ruto kwa jina la utani Kasongo, kutokana na wimbo wa zamani wa Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliohamia Kenya. Basi mwenye shule Kasongo akiandika "Shule ya Kasongo" tu, anashindana na siasa za Nairobi na muziki pamoja. Andika kwa ukamilifu: Kasongo, jimbo la Maniema, RDC. Kampene, teritware ya Pangi, Maniema. Iandike hivyo kwenye jina la ukurasa, kwenye mistari ya kwanza, na chini pamoja na namba za telefone.

Andika swali ambalo watu wanauliza

Hapa ndipo kazi yenyewe iko. Watu hawatafuti "maono na dhamira ya koperative yetu". Wanatafuta bei, saa, njia, masharti na namba ya kupiga. Keti na mtu anayepokea wateja wako, umwombe akutajie maswali kumi anayoulizwa kila wiki. Maswali yale ndiyo kurasa zako kumi za kwanza.

Shule: masomo yanaanza lini, kuna option gani, mtoto anayehama kutoka Shabunda analeta karatasi gani? Kituo cha afya: chanjo ni siku gani, kuna maabara? Muuza mchele na mafuta ya mawese: unauza kwa kilo ao kwa gunia, unasafirisha mpaka Kindu, unapokea malipo kwa telefone? Ukurasa mmoja ujibu jambo moja, na jibu liwe katika mistari ya kwanza. Historia ya mwanzilishi inaweza kungoja chini.

Lugha nayo inaleta maswali. Mtu wa kwetu anaandika "bei ya mchele Kindu", na kesho yuleyule anaandika "prix du riz Kindu". Wote wawili wana haki ya kupata jibu. Njia nzuri ni ukurasa mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kifaransa, vikiunganishwa kwa kiungo. Usichanganye lugha mbili ndani ya jina moja, na usiachie mashine itafsiri bila mtu kusoma tena. Kwa Kiswahili kuna nafasi kubwa: kurasa za Kiswahili kuhusu Maniema ni chache, kwa hiyo ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri unaweza kupanda haraka kuliko wa Kifaransa.

Kisha, tarehe. Ukurasa unaosema "leo barabara imefungwa" bila tarehe ni hatari. Mtu atausoma baada ya miezi mitatu, atarudisha mzigo wake nyuma bila sababu. Andika siku, mwezi na mwaka. Habari ikibadilika, sahihisha ukurasa uleule na useme umesahihishwa lini.

Na usinakili. Kuna tovuti ndogo za habari zinazochukua makala ya Kinshasa neno kwa neno. Tangu 2011 Google ina utaratibu, ulioitwa Panda wakati ule, wa kushusha kurasa zisizo na kitu chao wenyewe. Mistari mitano ya kweli kuhusu soko la Kampene inafaa kuliko kurasa tano zilizonakiliwa juu ya bunge.

Mega za msomaji

Wengi wetu tunaingia intaneti kwa telefone, na tunalipa kila mega. Google pia inatazama tovuti kama inavyoonekana kwenye telefone, si kwenye kompyuta ya fundi. Kama maandishi ni madogo mpaka mtu avute kwa vidole viwili, ni kasoro.

Mzigo mkubwa ni picha. Picha moja ya telefone ya kisasa inaweza kuwa na mega tatu ao nne. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja, umemla msomaji wako karibu mega 40, kama alikuwa na subira ya kungoja. Pale rezo ni dhaifu, atafunga kabla ya kuona namba yako. Punguza kila picha mpaka kilo 200 ao chini yake. Programu za bure za kazi hiyo zipo nyingi. Na maneno muhimu, kama bei na telefone, yaandikwe kama maandishi, si ndani ya picha ya bango. Ukurasa wenye maandishi unafunguka hata rezo ikiwa mbaya, na Google inayasoma bila kukisia.

Kutajwa na wengine

Ukifika mgeni sokoni, unauliza wapi kuna unga mzuri. Watu watano wakikuonyesha mama mmoja, unaenda kwake. Google ilianza na wazo hilohilo: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zenye heshima una uzito zaidi. Kutajwa mara moja na chuo kikuu cha Kindu, na FEC ya jimbo, na dayosisi, na redio, na shirika ulilofanya nalo kazi, kunafaa kuliko kutajwa mara mia na tovuti zisizojulikana. Kwa hiyo ukifanya kazi na shirika, liombe liweke kiungo cha tovuti yako kwenye ukurasa wake. Ni ombi la adabu na halina malipo.

Vilevile jiweke kwenye ramani ya Google. Ni bure kwa biashara na kwa ofisi. Barabara zetu nyingi hazina namba, lakini unaweza kuweka alama mahali penyewe, ukaandika saa za kazi na telefone. Mara nyingi wanaomba video fupi kuhakikisha kwamba upo kweli. Kwa mwenye duka ao nyumba ya wageni asiye na makuta ya tovuti, hii peke yake yaweza kutosha.

Wauzaji wa nafasi ya kwanza

Sasa turudi kwa yule mwenye maneno matamu. Google yenyewe inasema wazi: hakuna mtu anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na malipo hayapandishi tovuti katika orodha ya kawaida. Unachoweza kununua ni tangazo, nalo linaandikwa kwamba ni tangazo. Ukiacha kulipa, linaondoka siku hiyohiyo.

Mbinu wanazouza ni za zamani. Kuna wanaorudia "Kampene Kampene Kampene" chini ya ukurasa kwa rangi nyeupe ili msomaji asione. Google inaona, na inaadhibu. Kuna wanaouza orodha ya maneno yaliyofichwa ndani ya ukurasa, yanayoitwa meta keywords. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii. Kuna wanaouza viungo kwa mamia. Tangu 2012, kwa utaratibu ulioitwa Penguin, viungo vya kununuliwa vinaweza kukushusha badala ya kukupandisha.

Kuna mtego mwingine mkubwa kuliko hiyo yote: adresi ya tovuti imeandikishwa kwa jina la nani? Adresi, iwe ya .cd ao ya .com, inalipwa kila mwaka. Fundi akiiandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, tovuti ni yake, hata kama wewe ndiye ulilipa. Mkigombana, ao akihama, ao akisahau kulipa, adresi inapotea na mtu mwingine anaweza kuichukua. Kazi yako ya miaka inakwenda nayo. Dai karatasi: jina lako, barua pepe yako, maneno ya siri yote, na tarehe ya kulipa tena.

Si kila mtu anahitaji tovuti

Mama anayeuza sombe kartie hahitaji tovuti. Wateja wake wanamjua. Umeme ni shida, rezo inakatika, na dola za kulipia adresi zina kazi nyingine nyumbani. Lakini koperative ya wachimbaji inayotafuta mnunuzi, shule inayopokea watoto wa mbali, hospitali, nyumba ya wageni, na hasa ofisi za teritware na sekta, hao wanaulizwa na watu wasiowaona. Wakinyamaza, mwingine atajibu kwa niaba yao, na huenda hajawahi kuvuka Lualaba.

Mzigo huu hauwezi kubaki kwa mtu mmoja mmoja. Koperative kadhaa zinaweza kuchangia adresi moja, kila moja ikawa na kurasa zake. Shule za Kampene zinaweza kufanya vilevile. Vijana waliosoma informatiki Kindu wanaweza kulipwa kwa mwezi kusahihisha bei na tarehe, maana tovuti iliyoachwa tangu mwaka juzi inadanganya watu kuliko kutokuwa na tovuti.

Kwa mwenye tovuti tayari, kazi ya wiki hii ni hii: fanya lile jaribio la mlango, badilisha jina la ukurasa wa kwanza, andika Kampene, Pangi, Maniema kwa ukamilifu, punguza picha, weka tarehe, na uulize adresi iko kwa jina la nani. Haya yote ni bure. Yanachukua siku mbili na mega chache.